Muulize Mwalimu wa Kemia: Tafuta kwanza pale atomu zinapogusana

Mwezi huu maswali ya madini yamejaa, na si ajabu, hapa Lubumbashi ukirusha jiwe linaangukia mtu anayejua bei ya kobalti ya leo asubuhi. Lakini manne kati yao yanauliza kitu kimoja bila wenyewe kujuana: ukubwa wa atomu unaamua nini ndani ya jiwe ama ndani ya chuma. Nimeyaweka pamoja. La mwanafunzi linatangulia, hilo ndo mama yao.

Mwalimu jambo sana. Niko mwanafunzi wa metalurjia, naishi Kamalondo. Kuna hizi formile tatu zinanisumbua: a = 2r, a = 4r/√3, na a = 2√2 r. Nazikariri usiku, asubuhi kwa egzame nazichanganya. Tena kuna jambo lingine: nusukipenyo ya shaba, jedwali moja linaandika pikomita 128, lingine 145, lingine 73. Sasa shaba yetu njo ngapi kweli?

Mdogo wangu, achana na kukariri. Hizo formile tatu ni swali moja tu: kwenye kijumba hiki, atomu zinagusana kwenye mstari gani? Kijumba naita kale kamchemraba kanakojirudia mbele nyuma, juu chini, mpaka unapata kipande kizima cha shaba, a ni urefu wa upande wake, na r ni nusukipenyo ya atomu. Ukishaujua mstari wa kugusana unahesabu r ngapi zimelala juu yake, unaandika, umemaliza.

Tafuta chupa za bia, tupu tafadhali, simamisha nne mezani zigusane kwa mraba. Ukiunganisha vitovu vyao unapata mraba, na upande wa mraba huo ni r ya chupa hii pamoja na r ya jirani yake, basi, a = 2r. Hiyo ndo kubiki ya kawaida, nayo ni adimu sana kwa elementi, poloni ndo mfano unaotajwa kila mara. Sasa ziachanishe zile nne pole pole mpaka uweze kuingiza ya tano katikati ikae inazibana zote. Angalia vizuri: zile za kona hazigusani tena! Zinagusa ile ya katikati tu. Kwa hiyo upande hauna faida, mguso umehamia kwenye diagonali, na juu ya diagonali kuna r ya kona, 2r za ile ya katikati, na r ya kona ingine, jumla 4r. Diagonali ya mraba ni a√2. Basi a√2 = 4r, ukiipunguza unapata 2√2 r yako ileile iliyokuwa inakunyima usingizi. Huo ndo uso mmoja wa CFC, yaani mchemraba wenye atomu kwenye kona na katikati ya kila uso, na ndo hivo zinakaa shaba, nikeli, aluminiamu, fedha na dhahabu.

Kabla hujarudisha chupa, toa ile ya tano, sogeza tena zile nne zigusane na uangalie tundu linalobaki katikati. Kama chupa ina upana wa sentimita 8, kitu cha duara kinachoweza kusimama humo bila kuzisukuma hakizidi sentimita 3.3. Gawa, utapata 0.414. Namba hiyo usiitupe, tutaihitaji chini kwa fundi wa Katuba.

Chuma cha kawaida kiko CC, yaani mchemraba wenye atomu kwenye kona na moja katikati. Hapo atomu ya ziada haiko kwenye uso, iko katikati kabisa ya mchemraba, chupa hazifai tena, fikiria mipira. Kona zinagusa ile ya katikati kwenye diagonali inayopasua mchemraba mzima, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu iliyo mbali kabisa, na urefu wake ni a√3. Juu yake tena kuna 4r. Umeona? 4r ni ileile, mstari ndo umebadilika.

Tujaribu na vipimo vya kweli. Mionzi ya X inatuambia upande wa kijumba cha shaba ni pikomita 361.5 (pikomita ni mita ukiigawa mara bilioni elfu). Zidisha na 1.414 unapata 511.2, gawa na 4, ni 127.8, ile 128 ya jedwali. Chuma upande wake ni 286.6, zidisha na 1.732, gawa na 4, unapata 124.1. Kumbe upande wa chuma ni mfupi sana kuliko wa shaba na bado atomu zao zinakaribiana ukubwa, juu kijumba cha shaba kinabeba atomu nne na cha chuma mbili tu.

Na kama kwa egzame huna uhakika umechukua mstari wa kweli, piga densiti, yaani uzito kwa ujazo. Tuseme umekosea ukaweka a = 2r kwa shaba, unapata upande wa 256. Kijumba cha CFC kina atomu nne, kona nane zinatoa moja na nyuso sita zinatoa tatu, kwa hiyo uzito wa mole nne ni gramu 254.2, ugawe na namba ya Avogadro, ugawe tena na ujazo wa kijumba, utatoka na gramu 25 kwa sentimita ya ujazo. Osmi, nzito kuliko elementi zote kwa ujazo, iko 22.6. Shaba yetu ipite osmi? Rudi nyuma utafute kosa. Ukiweka 361.5 unapata 8.94, na kitabu kinasema 8.96. Mimi mwanafunzi aliyefanya hiyo hesabu ya mwisho namuamini kuliko yule aliyekariri formile kumi na mbili.

Sasa zile 128, 145 na 73. Hakuna ya uongo hapo. Atomu haina ngozi, wingu la elektroni linapungua pole pole kuelekea nje na hakuna fasi utaweka kidole useme imeishia hapa. Kinachopimika ni umbali kutoka kiini mpaka kiini, halafu watu wanaugawa. 128 ni nusu ya umbali kati ya atomu mbili za shaba ndani ya shaba yenyewe, kila moja ina majirani 12. 145 imetoka kwa hesabu ya atomu iliyo peke yake, haijaguswa na mtu. Na 73 wala si atomu, ni ioni Cu²⁺ iliyopoteza elektroni mbili, tena imezungukwa na oksijeni sita. Kwa hiyo ukiulizwa waya wa shaba, chukua 128. Ukiulizwa malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, chukua 73. Ukiweka 145 kwenye formile ya CFC utapata upande wa 410, mkubwa kuliko wa dhahabu ambayo iko 407.8, na hapo unajua umepotea.

Hata ioni yenyewe inabadilika kadiri ya majirani. Sodiamu yenye majirani sita inaandikwa 102, ikiwa na wanane ni 118. Chumvi ya jikoni sodiamu yake ina majirani sita, na mguso uko kwenye upande, klori na sodiamu zinapokezana, kwa hiyo a = 2(102 + 181) = 566. Kipimo cha kweli ni 564. Profesa akikukatia pointi kwa hizo pikomita mbili, mwambie aniandikie.

Mwalimu, mimi ni mama wa Kampemba, nauza mawe mazuri kwa wageni. Kuna yale ya rangi ya waridi yanatoka upande wa Kolwezi, mwingine ananiambia ni kobalti tupu, mwingine anasema ni dolomiti tu bei yake ishuke. Ukweli njo upi?

Mama, wote wawili wameshika nusu. Dolomiti ni karbonati ya kalsiamu na magnesiamu, na ikiwa safi ni nyeupe. Ndani yake kuna fasi za kalsiamu na fasi za magnesiamu, na ioni ya magnesiamu ina nusukipenyo ya 72, ya kobalti 74.5. Chaji ni ileile, ukubwa karibu uleule, kwa hiyo jiwe lilipokuwa linakua kwenye maji yenye kobalti, baadhi ya fasi za magnesiamu zilichukuliwa na kobalti na jengo zima halikushtuka. Ile rangi ya waridi ni ya kobalti.

Kalsiti nayo inapatikana ya waridi, lakini hapo kobalti inabidi ikae kwenye fasi ya kalsiamu, 100, tofauti ya robo nzima. Victor Goldschmidt, baba wa jiokemia, alisema ioni mbili zinabadilishana fasi kwa urahisi kama ukubwa wao hautofautiani zaidi ya asilimia 15 hivi, ikizidi hapo inakuwa kwa shida na kidogo kidogo. Kobalti inapaka rangi kali hata ikiwa haba, ndo maana waridi inayowaka haimaanishi jiwe ni tajiri. Ukitaka bei nzuri uza uzuri wa kristali, Mama, usiuze asilimia ya kobalti. Mnunuzi akikuomba kobalti tupu mpeleke kwa heterojeniti, lile jiwe jeusi la kobalti lisilo na sura.

Na kuna jiwe lina jina la nyumbani kabisa, kolweziti, karbonati ambamo shaba na kobalti zimekaa fasi zilezile, 73 na 74.5. Ukubwa peke yake haueleze kwa nini madini haya mawili yalikutana Katanga, hiyo ni hadithi ndefu ya maji ya chumvi na mawe ya kale. Unaeleza tu kwa nini yakishakutana kristali inayapokea yote mawili.

Mwalimu wa Lubumbashi, sisi wa Bukavu pia tunakusoma. Nanunua koltani, lile jiwe la niobi na tantali, kwa wachimbaji napeleka kontwari, kwa wanunuzi wakubwa wa madini. Mara nyingi wananikata bei wanasema mzigo wako niobi ni nyingi, tantali ni kidogo. Kwa macho ni mawe meusi tu. Kwa nini hivi vitu viwili haviachani, na mimi nitajuaje kabla sijalipa?

Papa, umegusa jambo ambalo liliwachosha wakemia zaidi ya miaka 60. Charles Hatchett alipata elementi mpya London mwaka 1801 akaiita kolumbi, mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Uswidi akapata tantali. Mwaka 1809 William Hyde Wollaston, mtu mwenye jina kubwa, akalinganisha mawe ya pande zote mbili, akaona densiti zinaachana kabisa, na bado akahukumu kwamba ni elementi moja! Ikabidi kungoja mpaka 1844 Heinrich Rose aonyeshe ni mbili, akampa ya pili jina la niobi, ndo ile kolumbi ya Hatchett. Mkemia Marignac wa Geneva ndo aliyezitenganisha vizuri, 1866, kwa kutumia chumvi zao za floridi, moja inayeyuka kwa maji kuliko mwenzake.

Sababu ni ukubwa. Kwenye jedwali la elementi tantali iko moja kwa moja chini ya niobi, na kawaida ukishuka ngazi atomu inanenepa. Hapa haikunenepa. Katikati yao jedwali limepenyeza lile kundi refu la lantanidi, elementi 14 zinazoongeza protoni kwenye kiini huku elektroni zake zinakinga vibaya, basi kiini kinavuta kila kitu ndani, na tantali inapozaliwa unene wote uliotarajiwa umeshaliwa. Ioni ya niobi ni pikomita 64, ya tantali ni 64. Chaji zote ni tano. Kristali haina namna ya kuwatofautisha, ikihitaji mmoja inachukua yeyote aliye karibu. Ndo maana koltani haina kiwango kimoja, kuna jiwe karibu lote ni niobi, kuna lingine karibu lote ni tantali, na katikati yapo ya kila namna.

Ukiyayeyusha ukapata metali yenyewe, mambo yanachekesha zaidi: zote mbili ziko CC, upande wa kijumba cha niobi ni 330.0 na wa tantali 330.3. Nyumba ni ileile. Lakini atomu ya tantali ina uzito wa 181 na ya niobi 93, kwa hiyo niobi ina densiti ya 8.57 na tantali 16.65, karibu mara mbili.

Hapo ndo pa kukusaidia, Papa. Kwa kuwa ukubwa ni sawa na uzito si sawa, jiwe lenye tantali nyingi litakuwa zito zaidi kwa ujazo uleule. Kolumbiti inayoelekea niobi iko karibu na 5.2, tantaliti karibu na 8. Chukua jiwe zima lisilo na udongo, lipime kwa mizani likiwa hewani, halafu lifunge kwa uzi ulipime likiwa limezama kwenye maji bila kugusa chini ya ndoo, toa uzito wa majini kwenye uzito wa hewani, halafu gawa uzito wa hewani na kile ulichopata. Ukipata 5.5 usilipe bei ya 7.5. Ila uangalie, kasiteriti, jiwe la bati, iko karibu 7 na kule kwenu inachanganyika sana na koltani, jiwe zito si lazima liwe na tantali. Mzani hautashinda ile mashine ya mkono ya mionzi wanayotumia kontwari, lakini utakuzuia kudanganywa mchana kweupe kule kwenye karyeri, machimboni.

Na kama unanunua dhahabu pia, ujue fedha na dhahabu ni ndugu wa aina hiyohiyo, zote CFC, upande wa kijumba 408.6 na 407.8, nusukipenyo ya atomu zote 144. Zinachanganyika kwa kiwango chochote. Dhahabu ya mtoni kutoka na fedha ndani yake ni kawaida, si lazima mtu ameichakachua.

Mwalimu, niko fundi wa kufua Katuba. Natengeneza visu na vishoka kwa resori, zile springi za magari ya zamani. Resori nikiichoma ikawa nyekundu nikaitia kwa maji inakuwa ngumu mpaka inavunjika. Lakini ferabeto, zile nondo za kujengea, nikiifanyia hivo hivo haikuwi ngumu. Si vyote ni chuma?

Fundi, vyote ni chuma ila resori imebeba kaboni, karibu asilimia 0.6, ferabeto ina kidogo tu. Na kazi yote inafanywa na matundu.

Chuma kikiwa baridi kiko CC, kikipita nyuzi 912 kinajipanga upya kuwa CFC, na kikiwa na kaboni kama resori yako kinaanza mapema, kwenye 727. CFC imebanana zaidi, atomu zinajaza asilimia 74 ya nafasi, CC 68. Ungesema basi CC ndo ina nafasi ya kuficha kaboni. Hapana! Nafasi ya CC ni nyingi lakini imekatwakatwa vipande vidogo, tundu kubwa kabisa lina nusukipenyo ya kama pikomita 36. Ya CFC ni chache lakini ni pana, ile 0.414 niliyomwambia mwanafunzi, mara 127, nusukipenyo ya atomu ya chuma ikiwa CFC, unapata kama 53. Atomu ya kaboni iko karibu 77, kwa hiyo hata humo inaingia kwa kubanwa, ila inaingia: chuma cha CFC kinaweza kumeza kaboni mpaka asilimia 2.1, cha CC kinaishia 0.02.

Sasa ukichoma resori, kaboni inaenea ndani ya CFC vizuri. Ukiitumbukiza ghafla, chuma kinataka kurudi CC na kaboni haijapata muda wa kutoka, inanaswa, kijumba kinavutika upande mmoja, kila kitu kinakaa kimebanana na atomu haziwezi tena kuteleza moja juu ya nyingine. Huo ndo ugumu, na ndo sababu ya kuvunjika pia. Ferabeto haina kaboni ya kutosha kunaswa, hata ukiitia maji ya barafu.

Nikupe na la kufanya. Usikadirie wekundu kwa macho peke yake, funga sumaku kwenye waya na uiguse resori, ikiacha kuvuta ongeza moto kidogo tu halafu itumbukize, na tumia mafuta kuliko maji, resori nyingi kwa maji zinapasuka. Ikishapoa sugua makali mpaka yang'ae, irudishe kwa moto mdogo, ukiona rangi ya manjano kama ya nyasi kavu imeanza kutembea juu ya chuma, itoe. Kwa kishoka kinachopigwa sana iache ifike kahawia.